Gesi au hewa? Kwanza tuulizane Kibiti

Wadau, ule ubishi wa bunduki za upepo, zile za gesi ya kaboni dayoksaidi na zile za hewa ya kujaza kwa pampu, mimi kwa jua la Kibiti nipo upande wa hewa.

Gesi ile ndani ya mtungi ni kimiminika, na shinikizo lake hufuata joto. Kwenye nyuzi 20 ni kama baa 57. Jua likikolea linapanda sana. Yaani shabaha ya asubuhi siyo ya mchana. Hewa unaijaza mpaka baa 200, haiyumbi hivyo, na ni ya bure hata ukiwa Mbwera kule deltani. Jasho lako tu. Ila uichuje unyevu, la sivyo kutu.

Lakini jamani, tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa Mkengeni, Kibiti, na bunduki zao zikaporwa. Mwanakijiji akikuona jioni na kitu begani hatauliza kina gesi au hewa. Atakimbia.

Ngedere wa shambani wana dawa yao: dungu, debe na makelele. Hewa yangu ibaki kwenye uwanja wa shabaha.

Nyie mnasemaje?