Kila Mwaka Tunaanza Moja

Uchaguzi wa serikali ya wanafunzi ukiisha, viongozi wapya wanakabidhiwa funguo, muhuri na faili chache. Yale ambayo waliotangulia walijifunza hayakabidhiwi. Waziri wa mikopo anaanza upya kutafuta ni nani hasa anashughulikia majina yaliyorukwa kwenye bumu. Akishajua, muhula wake umekwisha, na anaondoka nayo kichwani. Anayeumia ni yule wa mwaka wa kwanza asiye na mtu wa kumpigia simu.

Sisi wa ualimu tunafundishwa kwamba mtu amejifunza pale tabia yake inapobadilika. Taasisi nayo ni hivyohivyo. Hata ikijaa vichwa, kama kosa la mwaka jana linarudi mwaka huu, haijajifunza kitu.

Mfano uko hapahapa nyumbani. Mwaka 2007 hadi 2008, Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya usalama wa upasuaji katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa Ifakara, Morogoro. Ni vipengele 19 tu, ukurasa mmoja: mgonjwa ndiye huyu? Dawa ya kuzuia maambukizi amepewa? Vifaa vimehesabiwa? Ukijumlisha hospitali zote nane, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Madaktari wale kazi walikuwa wanaijua. Ila sasa mambo yalisomwa kwa sauti, na nesi naye alikuwa na nafasi ya kusema kabla kisu hakijagusa ngozi.

Kwa hiyo napendekeza mawili. Kiongozi asikabidhi ofisi bila kurasa mbili: nini kilikwama, nani alisaidia, nini kisirudiwe. Na kila anayerudi kutoka mazoezi ya kufundisha aandike ukurasa mmoja kuhusu shule aliyopangiwa: chumba kinapatikana wapi, nauli kiasi gani, vitabu gani havipo, darasa lina watoto wangapi.

Wapo watakaosema makaratasi yataishia kabatini. Kweli jamani, yasiposomwa yatafia humo. Basi yasomwe kwa sauti kwenye kikao cha kwanza cha baraza jipya, na mwanafunzi wa kawaida aruhusiwe kuuliza.

Mwalimu mwanafunzi akifika kijijini anajua pa kulala na kitabu cha kubeba, wiki ya kwanza anafundisha. Asipojua, wiki hiyo inapotea, na wanaoikosa ni watoto wa watu.