Bi Harusi Hapakui Programu kwa Gauni Moja



Siku hizi kila anayeshona nguo za harusi au kuuza udi anaambiwa lazima awe na programu yake ya simu. Na sisi tunaona raha jina letu likae Play Store. Mimi nasema, shoga, kabla hujatoa pesa jiulize: mteja wako atarudi mara ngapi?

Njia ziko mbili. Programu ya kupakua hukaa ndani ya simu. Programu ya wavuti hufunguka kwa kubonyeza linki tu, kama ile unayoiweka kwenye status ya WhatsApp.

Programu ya nyakati za sala inafaa kupakuliwa. Tunaihitaji mara 5 kwa siku, na adhana ilie hata bando likiisha. Bi harusi je? Anachagua gauni, anatuma vipimo, analipa arbuni, basi. Simu yake imeshajaa. Afute picha za bibi yake ili duka lako lipate nafasi? Atakwenda kwa jirani.

Tuje kwenye gharama. Google wanataka dola 25 mara moja ili uweke programu dukani kwao, Apple dola 99 kila mwaka, na fundi wa kuitengeneza bado hujamlipa. Linki moja hufunguka Android na iPhone, na bei ukiibadilisha leo, wote wanaiona leo. Hata Twitter, kampuni kubwa vile, mwaka 2017 walitoa Twitter Lite ya wavuti kwa ajili ya wenye intaneti dhaifu.

La mwisho ni stara. Kuna programu za kupakua zinazoomba ruhusa ya kuingia kwenye picha zote. Simu ya bi harusi ina picha zake za singo, hana mtandio. Kwenye wavuti anachagua picha moja anayotaka kukutumia, nyengine zinabaki kwake. Na wewe ukimaliza kushona, zifute. Vipimo na picha za mwanamke ni amana, hata uzipokee kwa njia gani.

Biashara ikikua, wateja wakawa wanakufungua kila siku, hapo katengeneze ya kupakua. Kwa sasa anza na linki, pesa iliyobaki nunua kitambaa.

Allah atubarikie katika riziki zetu, amin.