Breki kwanza, nguvu baadaye

Nina dukuduku kuhusu sisi wenye pikapu za dizeli tunaozitumia kuvuta matela. Tunayo tabia moja mbaya. Tukipata fedha kidogo tunakimbilia kuliongezea gari nguvu ya kupanda mlima, wala hatujiulizi litasimamaje wakati wa kuteremka. Sisemi haya kwa kuwalaumu wenzangu, maana mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao na yamenikuta.

Ninaishi Ilula, mkoani Iringa, na kazi yangu ni kusafirisha nyanya. Gari langu ni Toyota Land Cruiser pikapu yenye injini ya 1HZ, nililolinunua mwaka 2007 likiwa limekwisha kutumika, na nyuma yake nafunga tela la magurudumu mawili. Wanaoifahamu injini hiyo wanajua kwamba ina silinda sita, ujazo wa lita 4.2, na haina turbo. Ni injini mvumilivu sana. Lakini ukitoka Morogoro na tela la saruji na bidhaa za dukani, ukaanza kuupanda Mlima Kitonga, utapanda kwa gia ya pili huku mabasi yakikupigia honi nyuma.

Mwaka 2015 niliamua kuondokana na adha hiyo. Nilichukua akiba ya misimu miwili nikanunua turbo iliyotumika, na fundi akaifungulia pampu ili itoe dizeli zaidi. Kweli gari likapata nguvu. Nilipanda Kitonga kwa gia ya tatu nikajiona nimeshinda. Na kwa kuwa sasa gari lilikuwa na nguvu, nikaongeza na matenga kwenye tela.

Ndugu Mhariri, nyanya za Ilula zinapokwenda Dar es Salaam huuteremka mlima ule ule. Asubuhi moja, wiki chache baada ya kufunga turbo, nilikuwa nateremka na utingo wangu, ambaye ni mpwa wangu, mtoto wa dada. Nilikuwa kwenye gia ya tatu, mguu juu ya breki tangu tulipoanza mteremko. Katikati ya kona nikasikia harufu ya kuungua. Pedeli ikawa laini, halafu ikazama mpaka chini. Nilivuta breki ya mkono, hakuna kitu. Nililazimisha gia ya pili, injini ikalia, lakini tela lilikuwa linanisukuma kwa nyuma. Nikaona heri niligonge gari kwenye ukingo wa upande wa mlima kuliko kwenda bondeni.

Tela lilipinduka na nyanya zikatapakaa barabarani. Mimi nilitoka na michubuko. Mpwa wangu alivunjika mguu, na hadi leo anachechemea. Dada yangu hajanitamkia neno hata moja la lawama, na hilo ndilo linaloniuma kuliko kama angenitukana.

Fundi mmoja mzee alipofungua breki za gari lile aliniita nione. Mafuta ya breki yalikuwa meusi kama chai ya rangi. Akaniuliza mara ya mwisho niliyabadilisha lini. Sikuwa na jibu. Tangu ninunue gari nilikuwa naongeza tu yakipungua. Nilikuwa na fedha ya turbo, lakini kwa miaka 8 sikuwa na fedha ya chupa ya mafuta ya breki, kitu ambacho bei yake haifiki bei ya tenga moja la nyanya msimu ukiwa mzuri.

Aliyonieleza mzee yule ningependa kila dereva ayajue. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho huweza kushuka hadi nyuzi 140. Ya DOT 4 huanzia nyuzi 230 na kushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mvuke ndani ya bomba, na mvuke hubonyea. Hapo utakanyaga pedeli mpaka sakafuni bila nguvu yoyote kufika kwenye magurudumu. Gari likipoa, pedeli hurudi kama kawaida. Ndiyo maana utasikia madereva wakisema breki zilipotea kisha zikarudi zenyewe, na wengine wanadai mlima una mapepo. Mapepo hayo tunayanunua wenyewe kwa uvivu wa kutobadilisha mafuta kila baada ya miaka 2.

Na joto linalohitajika kuyachemsha si dogo wala si la kubahatisha. Tuchukue pikapu, tela na mzigo, jumla tani 5. Kila mnaposhuka mita 140 kwa wima, uzito huo huzalisha joto la kutosha kuchemsha ndoo ya maji ya lita 20. Sehemu ndogo hupotea kwa upepo na matairi. Iliyobaki ama inazuiwa na injini ukiwa kwenye gia ndogo, ama inakwenda yote kwenye breki. Kitonga si mlima wa ndoo moja.

Turbo haikunisaidia lolote hapo. Turbo ni ya kupandia. Injini ya dizeli kwa kawaida yake ina uwezo mdogo wa kulizuia gari kwenye mteremko ikilinganishwa na ya petroli, ndiyo sababu malori makubwa hufungwa breki ya moshi. Kwa pikapu, dawa ni ile ile waliyotufundisha wazee: teremka kwa gia uliyopandia. Mimi nilipoanza kupanda kwa gia ya tatu, nikaanza na kuteremka kwa gia ya tatu. Hapo ndipo nguvu iliponidanganya.

Sasa nawauliza wenzangu, mnapotaka kuliboresha gari la kuvuta, mnaanzia wapi? Mimi baada ya ajali nimejifunza kufuata utaratibu ufuatao.

Kwanza ni breki, za gari na za tela pia. Matela mengi tunayachomelea mtaani kwa ekseli ya gari bovu, na breki zake tunazing'oa kwa sababu ni usumbufu. Katika nchi kama Uingereza na Australia, tela lisilo na breki zake lenyewe haliruhusiwi kuzidi kilo 750 likiwa na mzigo. Sisi tunapakia zaidi ya tani moja juu ya tela ambalo halina hata breki moja. Tela langu la sasa lina breki zake, na mnyororo wa usalama umefungwa kwenye gari ili kiungio kikichomoka lisiondoke lenyewe.

Pili ni upakiaji. Karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wa tela inatakiwa ikae mbele, kwenye kiungio. Ukirundika mzigo nyuma, tela hunyanyua mkia wa gari na kuanza kuyumba kama mkia wa mbuzi, na ukiongeza mwendo ndipo linapozidi. Springi za nyuma zikiwa zimelala, usiongeze jani moja ukadhani umeongeza uwezo wa gari zima. Breki na ekseli ni zile zile.

Tatu ni matunzo ya injini. Rejeta isafishwe, feni na mikanda yake ikaguliwe, mafuta na filta zibadilishwe kwa wakati. Mkanda wa taimingi wa 1HZ hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika njiani, pistoni hugonga valvu na utalipia injini badala ya mkanda. Dizeli nayo tuichunge. Wengi tunakumbuka jinsi uchakachuaji ulivyoshamiri hadi mwaka 2011 Serikali ikaongeza ushuru wa mafuta ya taa ili yasichanganywe na dizeli. Pampu ya injini hii hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa hayana ulaini huo. Anayenunua dizeli ya madumu kwa sababu ni rahisi, ajue anaisaga pampu yake.

Nne, na mwisho kabisa, ndipo tuzungumze habari ya kuongeza nguvu. Hata hapo tahadhari inahitajika. Injini ya 1HZ hubana hewa zaidi ya mara 22, na haikuundwa kwa ajili ya turbo. Mtengenezaji alipotaka injini ya namna hiyo yenye turbo alitengeneza nyingine, 1HD-T, ambayo kipimo chake cha kubana ni kidogo zaidi. Fundi anayekufungulia pampu mpaka moshi uwe mweusi hakupi nguvu ya bure. Moshi mweusi ni dizeli isiyoungua vizuri, na joto lake linapasua silinda hedi na kuyeyusha pistoni. Ukiwa lazima ufunge turbo, funga na kipimo cha joto la moshi, na pampu ifunguliwe kwa kiasi. Mimi ile yangu niliiuza. Napanda Kitonga kwa gia ya pili, na mabasi yanaendelea kunipigia honi.

Najua wapo watakaosema kwamba maisha ni magumu na kwamba mteja analipa kwa tenga, kwa hiyo asiyepakia sana hapati faida. Nakubali kuwa ushindani ni mkali. Lakini nilipiga hesabu. Matenga niliyoongeza kwa wiki chache zile hayakulipa hata siku za kwanza za mpwa wangu hospitalini, sembuse gari, tela na nyanya za watu. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Sisi tunaovuta matela tungeuchukua usemi huo kuwa ni sheria ya kazi.

Namalizia kwa kutoa maombi matatu. Wanaokagua magari barabarani nawaomba waliangalie na tela. Katika safari zangu nimeulizwa leseni, bima na kizimamoto mara nyingi, lakini sijapata kuulizwa kama tela langu lina breki. Vyuo vyetu vya ufundi navyo nawaomba viwafundishe vijana kwamba tela ni chombo kamili chenye vipimo vyake, kusudi anayejua kuchomelea vyuma ajue pia kufunga breki.

Ombi la mwisho nalielekeza kwa wenye magari wenzangu. Kabla ya safari ijayo, fungua boneti, tazama kikopo cha mafuta ya breki. Kama ni meusi, usimwambie utingo wako apande. Na yeye ni mtoto wa mtu.

Msafirishaji wa Nyanya,
Ilula, Iringa.