Kapsuli sita za amoxi hazitatuponya

Sisi watu wa machimbo ya Kabambare, Namoya, Salamabila na njia yote ya kwenda Kasongo, tuko na muganga mmoja tunayemjua wote: kapsuli ya amoxi. Mtu akikatwa na jiwe mu shimo, amoxi. Kikohozi, amoxi. Tumbo, amoxi. Mtoto akipata homa usiku, amoxi, hata kama ni malaria, ambayo amoxi haiiwezi. Tunanunua sita, siku ingine ine, sababu mfuko hauruhusu zaidi. Kidonda kikianza kukauka tunaacha, zinazobaki tunamuwekea mwenzetu. Wengine wanafungua kapsuli na kumwaga unga juu ya kidonda.

Hatuandiki hii kwa kuchekana. Sisi wenyewe tumefanya hivyo. Lakini mwaka jana tulimpakia mwenzetu juu ya moto, mguu umevimba mpaka gotini, kisha wiki tatu za kununua-nunua kapsuli. Muganga akatuuliza alikunywa nini. Tukamwambia. Akanyamaza kidogo, akasema: "Mikrobe yake haisikii tena hiyo dawa." Mguu ulikatwa. Leo bibi yake njo anatwanga mawe kwa kulisha watoto watano.

Mikrobe inakataa dawa namna gani? Penisilini, ampisilini na amoxi ziko na duara dogo ndani, na nguvu yao iko pale. Mikrobe zingine zinatengeneza kitu kinaitwa enzimu, beta-laktamaze, yenye kukata lile duara. Ni kama mtu anayekuvunjia ncha ya tindo mbele haijagusa mwamba: unapiga, unachoka, jiwe linabaki. Enzimu hiyo si mpya. Abraham na Chain waliieleza kule Oxford mwaka 1940, mbele watu wengi hawajaonja penisilini. Na Fleming mwenyewe, aliyegundua penisilini, alionya mwaka 1945 kwamba kunywa kidogo-kidogo kunafundisha mikrobe kuizoea. Dozi ndogo inaua mikrobe dhaifu, zenye nguvu zinabaki na kuzaana.

Sasa angalieni ajabu. Katika nchi zenye viwanda, enzimu hiyo inasafishwa, inakaushwa, inauzwa katika chupa ndogo kwa ajili ya laboratware. Mgonjwa aliyekwisha kunywa dawa akitolewa damu, enzimu inaweza kutiwa ndani ili ivunje dawa iliyobaki na mikrobe iote, ionekane. Wao wanailipia kwa kutafuta ugonjwa. Sisi tunaifuga bure ndani ya miili yetu, na hatuna habari.

Wanaoumia zaidi ni watoto. Tangu 2007, INRB ya Kinshasa na Institut de Médecine Tropicale ya Anvers wanafuatilia mikrobe za damu katika nchi yetu. Wameona Salmonella, yenye kushika hasa watoto wenye malaria na upungufu wa damu, haisikii tena ampisilini. Mwaka 2019 ikaandikwa juu ya aina ya Salmonella kutoka hapa Kongo yenye enzimu inayokata hata ceftriaxone, ile sindano tunayoitegemea mtoto akizidiwa. Duniani kote, mwaka 2019, watu milioni 1.27 walikufa sababu dawa hazikuweza mikrobe zao.

Kuna wanaosema kosa ni la wachimbaji, hawana akili. Tunakataa. Mwenye kununua kapsuli ine hakukosa akili, alikosa pesa, na kituo cha afya kiko mbali. Lakini tunakataa pia kujidanganya: hakuna mtu anayetushika mkono kumwaga unga juu ya kidonda.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kooperative na wenye mashimo waweke kasha la dawa na muuguzi karibu na shimo, kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni siku ileile. Wenye farmasi waache kutoa kapsuli za kuhesabu kwa vidole. Dawa itoke na karatasi ya muganga, dozi nzima. Na serikali ilete Kasongo uwezo wa kuotesha mikrobe za damu na kujua dawa gani bado inaziweza, tusingoje jibu la Kinshasa wakati mtoto anazimika.

Kasongo si kijiji cha kusahauliwa. Miaka ya 1970 vituo vyake vya afya vilifanya kazi na hao watu wa Anvers, na mwaka 1981 jarida la Lancet likaandika juu ya chanjo ya surua kwa watoto wa Kasongo. Kilichowezekana kwa babu zetu kinashindikana wapi leo, wakati dhahabu inatoka kila siku?

Na nyumbani, ndugu na mama, tuanze leo: hakuna kumuachia mwenzako nusu ya dawa. Unayemuachia, unamuachia na mikrobe iliyokwisha kufundishwa.