Usiniambie Niache Chai, Niambie Nitaficha Wapi Pesa

Kila Januari simu zetu hujaa ushauri wa akiba. Acha kahawa ya mkahawani. Weka asilimia 20 ya mshahara. Mimi huku Mukumu hucheka tu. Kahawa gani? Mshahara upi?

Nafanya kazi kwenye saiba kando ya barabara ya Kakamega kwenda Kisumu, na mwenyewe hunilipa kamisheni kila jioni. Juni, watu wakikimbizana na ile tarehe 30 ya kujaza ritani za KRA, naweza kurudi nyumbani na 1,200. Shule zikifunguliwa pia kuna afueni, maana wazazi wa Mukumu Girls na Mukumu Boys hawakosi karatasi ya kutoa nakala. Lakini Agosti wanafunzi wakiwa kwao, kuna siku natoka na 80. Sasa hapo asilimia 20 ni ya nini?

Ndiyo maana nasema sisi wa kipato cha siku hatusumbuliwi na anasa. Tunasumbuliwa na kununua kadogo kadogo, na pesa ambayo ikikaa karibu nasi hailali.

Chukua sukari. Dukani napimiwa ya 20, inanitosha siku mbili. Kilo ni 160, nayo hunifikisha wiki tatu. Piga hesabu: kwa wiki hizo tatu vipakiti vinanila karibu 210. Mafuta ni vilevile, sabuni vilevile. Nikiwa na 20 pekee mfukoni siwezi kununua kilo, kwa hivyo anayepata kidogo ndiye anayelipa zaidi. Unga ndio mbaya kabisa. Mahindi mapya yanapoingia soko la Khayega mwezi wa nane, gorogoro hushuka bei. Hapo ndipo mtu angejaza debe mbili tatu apeleke kusaga polepole. Na hapo ndipo mfuko wangu huwa mkavu! Pesa za Juni zilishaisha Julai, na ukiniuliza zilienda wapi sina jibu la maana.

Nilijaribu kuweka kwenye simu. Tatizo la simu ni kwamba inaweka kwa kidole na kutoa kwa kidole hichohicho. Halafu kuna Fuliza, iliyokuja Januari 2019. Ukiwa na deni lake, chochote kinachoingia M-Pesa kinalipa deni kwanza, na ada ya kila siku inahesabika. Kuweka akiba hapo ni kuteka maji kwa kikapu. Mimi nilizama mahali pengine, kwenye programu moja ya mikopo ambayo siitaji jina. Nilikopa 2,000, nikachelewa, wakaanza kumpigia mjomba wangu, mwalimu wangu wa zamani, hadi fundi wa viatu ambaye namba yake nilikuwa nimeisahau. Aibu ile ndiyo ilinipeleka kwenye chama cha Mama.

Hicho chama ni cha akina mama 14 wanaoketi Jumapili baada ya misa. Boksi lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu wasiokaa nyumba moja. Marafiki walinicheka, eti nimeenda kujifunza kusuka vikapu. Wacheke tu. Mwezi wa nne nilianza kupeleka 300 kila wiki, hamsini kwa kila siku ya kazi. Usipoleta, unasimama mbele ya watu waliokubeba mgongoni ukiwa mtoto na kueleza kwa nini. Hakuna programu ya simu inayoweza kukufanyia hivyo. Boksi hufunguliwa Agosti na Desemba pekee.

Sasa sehemu ambayo washauri wa mitandaoni hawaigusi. Julai, mtoto wa mjomba alinipigia simu usiku. Mtoto wake mdogo alikuwa amelazwa, akaomba 3,000. Boksini nilikuwa na zaidi ya hizo. Kukopa chamani ni mpaka utimize miezi sita, nami nilikuwa na mitatu na kitu. Mfukoni nilikuwa na 250, nikazituma. Nikamwambia sina zingine. Ilikuwa kweli, na haikuwa kweli.

Pesa zingekuwa kwenye simu ningetoa zote usiku huohuo, na sidhani ningejuta. Lakini pia najua kwamba zingekuwa kwenye simu, kufikia Julai hazingekuwepo. Nimezunguka na jambo hili miezi sasa na bado naona chama kina haki. Mtoto alipona, asante Mungu.

Agosti boksi lilifunguliwa nikapata 6,000. Nusu nilinunua mahindi, nusu nikapunguza karo niliyoacha chuoni mwaka wa pili. Imebaki 15,500, na wamesema sitarudi darasani kabla ya kuimaliza. Debe moja la mahindi nilimpelekea yule binamu. Alipokea, akashukuru vizuri. Chai hakunikaribisha.