Mratibu, msimamizi, mkuu wa kituo: nimpigie nani?

Baridi ya Julai hapa Iringa haina adabu, na ndiyo inayotufanya tuingize jiko la mkaa ndani hata tukijua hatari yake. Wiki mbili zilizopita jirani zangu wa Mlandege walilala nalo. Saa nane usiku mama akaamka kichwa kinamgonga, akamkuta mwanawe wa miaka minne haamki hata akimtikisa. Hewa ya sumu ya mkaa haionekani wala hainuki.

La kwanza alilifanya vizuri: alifungua mlango, akamtoa mtoto nje. Kisha akashika simu. Mtaa wetu una kikundi cha kujitolea cha mambo ya dharura, vijana wenye redio za upepo mbili na orodha ya namba. Shida ni hiyo orodha: mratibu wa mawasiliano, msimamizi wa mawasiliano, kiongozi wa zamu, mkuu wa kituo. Alimpigia mratibu. Kumbe mratibu hupanga mafunzo tu. Akaelekezwa kwa msimamizi, ambaye hutunza redio. Mkuu wa kituo alikuwa Makambako, na kituo chenyewe ni meza kwenye duka la simu. Dakika kumi na mbili zikaisha hivyo, mpaka dereva wa bajaji aliyesikia kelele, asiye na cheo chochote, akawapeleka hospitali. Mtoto amepona.

Siwacheki vijana hawa. Anayejitolea halipwi, cheo ndicho posho yake. Mimi mwenyewe niliwahi kuwa mlezi wa kwaya na siwezi kuimba.

Tena utata huu haukuanzia kwenye redio. Mwenyekiti wa mtaa anachaguliwa, mtendaji ameajiriwa, na balozi wa nyumba kumi ni kiongozi wa shina la chama, si mtumishi wa serikali. Binti yangu aliwahi kuniuliza balozi wetu anawakilisha nchi gani.

Namba za taifa hazina vyeo. 112 ni polisi, 114 ni Zimamoto na Uokoaji. 115 ni ya mpango wa m-mama: anayepokea hutafuta gari la wagonjwa, au dereva wa jamii aliye karibu, kwa ajili ya mjamzito, mama aliyejifungua na mtoto mchanga. Wengi wetu tunadhani ni ya kila mgonjwa. Mtoto wa miaka minne si mchanga, kwa hiyo namba ya dereva unayemwamini iwe ndani ya simu yako kabla ya usiku kuingia.

Jumapili kikundi kilikaa, orodha ikaandikwa upya kwa mistari miwili: anayepokea simu usiku, anayeleta gari. Mratibu akauliza yeye sasa ataitwaje. Tumekubaliana abaki mratibu kwenye barua, lakini namba yake imeondolewa ukutani.