Ngazi za Kung'aa Zitatuua

Wasee wa Kitengela, hii ya landilodi kupaka ngazi rangi ya mafuta ndiyo plot ionekane mpya mimi siielewi. Sisi huku tunapandisha mitungi ya lita 20 hadi ghorofa ya nne juu mfereji umekauka. Maji yakimwagika, mama mwenye mtoto mgongoni atashika wapi?

Boti za fibaglasi kule Pwani hukanyagwa zikiwa zimelowa, ndiyo sakafu huachwa na makwaruzo. Yakiisha, fundi hukwangua rangi ya zamani inayobambuka, anaosha mafuta, anapaka upya na kunyunyiza mchanga kabla haijakauka. Ukipaka juu ya ile mbovu, zote zitatoka pamoja.

Na mchanga, Kajiado hii, kweli unakosekana? Uchekechwe tu, uoshwe, ukaushwe. Ile rangi ya kung'aa wapake geti.